Printa ya Ofisi Isiwe Mateka wa Meza Moja

Ukipita katika shule zetu za kata, zahanati, vyama vya ushirika na hata baadhi ya ofisi za halmashauri, hukosi kumkuta mtu amesimama mlangoni na flashi mkononi. Anamsubiri katibu muhtasi. Printa ipo, wino upo, karatasi zipo, na umeme kwa bahati siku hiyo haujakatika. Asiyekuwepo ni mwenye kompyuta iliyochomekwa hiyo printa. Ametoka kunywa chai, au ameenda benki, au yuko msibani, na nywila ya kompyuta ameondoka nayo kichwani.

Jambo hili tumelizoea mno hata halituudhi tena. Mimi linaniudhi. Printa ya ofisi ni mali ya ofisi nzima, na mahali pake ni kwenye mtandao wa ofisi, si ubavuni mwa kompyuta ya mtu mmoja. Na kwa ofisi yenye printa nzima lakini ya zamani, dawa ya foleni si kununua printa ya pili, ya tatu na ya nne. Dawa ni kifaa kidogo kiitwacho printi seva, kisanduku kinachoenea kiganjani, ambacho maofisa ununuzi wetu wengi hawajawahi kukiandika kwenye orodha yao ya mahitaji.

Mwenye waya ndiye mwenye printa

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika ofisi hizi kisu ni waya wa USB. Waya huo kwa kawaida hauvuki mita 5, kwa hiyo printa hulazimika kukaa jirani na kompyuta inayoitumikia. Anayekalia kompyuta hiyo anakuwa, bila barua ya uteuzi, mkuu wa idara ya uchapaji. Barua ya nani itangulie? Mtihani wa nani usubiri? Fomu ya nani irudi kesho? Simlaumu. Mara nyingi yeye ndiye anayeumia kuliko wote, maana kazi yake mwenyewe hukatizwa kutwa nzima na watu wanaobisha hodi wakisema, "Samahani dada, kurasa mbili tu."

Hizo kurasa mbili zina gharama ambayo haimo kwenye kitabu cha mhasibu. Tuseme shule ina walimu 20, na kila mmoja anapoteza dakika 15 tu kwa wiki akisubiri kuchapiwa. Hizo ni saa 5. Kwa vipindi vya dakika 40, shule imepoteza zaidi ya vipindi 7 kila wiki, na hakuna mkaguzi atakayeviona kwa sababu mwalimu yuko shuleni na amesaini kitabu cha mahudhurio. Anayevilipia ni mtoto wa darasani.

Tena kuna balaa la flashi zenyewe. Nani kati yetu hajafungua flashi akakuta mafaili yake yamegeuka njia za mkato zisizofunguka? Kompyuta inayopokea flashi za watu 20 ni kituo cha kubadilishana virusi. Na kila anayechapa huacha nakala: mtihani wa Kidato cha Pili uko kwenye dawati la kompyuta, karibu na barua ya onyo ya mwalimu fulani na orodha ya wagonjwa iliyoletwa kuchapwa na jirani wa zahanati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Nina shaka kama ofisi zinazokusanya siri za watu kwenye kompyuta moja isiyofungwa zimewahi kujiuliza sheria hizo zinawahusu vipi.

Foleni ikizidi, mwalimu anachoka, anakwenda stesheneri ya nje ya geti. Hapo ndipo gharama inapoingia nyumbani kwa mzazi. Nchini Kenya, Baraza la Mitihani, KNEC, huweka kazi za tathmini za shuleni kwenye tovuti yake, shule zikazipakua na kuzichapa zenyewe, na malalamiko ya wazazi kuombwa fedha za kuchapa si mageni. Huku kwetu Tanzania ni mchango wa majaribio ya kila wiki, mchango wa mtihani wa mwezi, mchango wa mtihani wa utamirifu. Kwa mwenye mshahara ni fedha ya vocha. Kwa mama anayeuza vitumbua na ana watoto watatu shuleni, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ana haki ya kuuliza kwa nini shule yenye printa inachapisha barabarani.

Mtandao ulizaliwa kwa ajili ya printa

Wapo wanaodhani kuunganisha printa kwenye mtandao ni anasa ya siku hizi. Historia inasema vingine. Katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, Marekani, Gary Starkweather aliunda printa ya leza mwaka 1971. Mashine ilikuwa kubwa na ghali, haikuwezekana kila mtafiti awe na yake. Robert Metcalfe na David Boggs wakaanza mwaka 1973 kubuni Ethernet, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kuziwezesha kompyuta za kituo kile kutumia printa moja kwa pamoja. Yaani waya uleule ambao leo tunautafutia intaneti, tangu mwanzo ulikuwa na kazi ya kushirikisha watu printa. Mwaka 1991 kampuni ya HP ilitoa LaserJet IIISi yenye kadi ya JetDirect ya kuingia moja kwa moja kwenye mtandao, na baadaye visanduku vya nje vikaenea kwa printa ambazo hazikuzaliwa na uwezo huo.

Zaidi ya miaka 30 imepita. Sisi bado tunabeba flashi.

Kisanduku kinavyofanya kazi

Kisanduku chenyewe hakina maajabu. Kina tundu la USB la kuchomeka printa, tundu la waya wa mtandao, na adapta ndogo ya umeme. Vingine hutumia waifai badala ya waya. Ukikiunganisha na rauta au swichi ya ofisi, kinapata anwani yake kwenye mtandao, kisha kinakaa macho kikisubiri kazi. Kompyuta yoyote ya ofisi ikituma ukurasa, kisanduku kinaupokea na kuukabidhi kwa printa. Hakihitaji kompyuta ya katibu muhtasi iwe imewashwa. Hakihitaji hata awepo kazini.

Na hapa niseme kwa sauti, kwa sababu nimewasikia wakuu wengi wa shule wakikataa jambo hili kwa hoja kwamba "hatuna bando". Kuchapa kupitia mtandao wa ndani hakuli bando. Rauta isiyo na hata shilingi moja ya intaneti bado inapitisha kazi kutoka kompyuta ya mwalimu wa taaluma hadi kwenye printa, ilimradi vyote vimeunganishwa nayo na umeme upo. Waya wa mtandao wa kawaida hufika mita 100, ukilinganisha na zile 5 za USB. Printa inaweza kukaa chumba cha walimu, mhasibu akachapa akiwa jengo la pili.

Ufungaji ndio unaowatia watu hofu, nao kwa fundi anayejua ni kazi ya muda mfupi. Kosa kubwa hufanyika kwenye anwani. Rauta hugawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia, na inaweza kubadilisha ugawaji huo baada ya kuzimwa na kuwashwa, jambo ambalo kwa umeme wetu hutokea kila mara. Kisanduku kilichopewa leo 192.168.1.20 kesho kinaweza kuwa 192.168.1.35, kama mpangaji aliyehama usiku bila kuaga huku barua zake zikiendelea kupelekwa nyumba ya zamani. Kompyuta zote zinatuma kazi pale pa awali, hakuna kinachotoka, na ofisi nzima inatangaza kwamba "ile mashine ya fundi imekufa". Haijafa. Imehama. Kwa hiyo mwambie fundi akipe kisanduku anwani ya kudumu, ama kwenye mipangilio ya kisanduku chenyewe ama kwa kuitenga kwenye rauta, kisha aiandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye printa.

Baada ya hapo, kwenye kila kompyuta ya Windows huongezwa printa kwa njia ya anwani ya TCP/IP, si kwa njia ya USB. Bandari, yaani namba ya mlango wa mtandao, inayotumiwa na wengi ni 9100. Visanduku vingine hupendelea utaratibu wa zamani wa LPR, bandari 515, ambao hudai jina la foleni, na jina hilo huandikwa kwenye kijitabu kinachotupwa pamoja na boksi. Kisha inawekwa programu ya kuendeshea printa ileile uliyo nayo, si ya kisanduku.

Kuna tatizo moja dogo ambalo limewafanya watu wengi wakirudishe kisanduku dukani bure. Windows hujaribu kuuliza hali ya printa kwa utaratibu uitwao SNMP. Kisanduku kisipojibu vizuri, Windows hutangaza kwamba printa haipo hewani, na kazi hugoma kutoka ingawa kila kitu kiko sawa. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya bandari ya printa hiyo na kuondoa alama ya tiki kwenye SNMP. Basi.

Atakuwepo wa kuuliza: kwa nini tusishirikishe tu printa kutoka kompyuta ya katibu muhtasi, maana Windows inaruhusu? Inaruhusu, ndiyo. Lakini kompyuta ile ikizimwa, printa imezimika kwa wote, na tumerudi palepale pa nywila kichwani mwa mtu. Tena mwaka 2021 dosari iliyopewa jina la PrintNightmare katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji iliwapa wahalifu njia ya kuzitawala kompyuta, na Microsoft ikalazimika kutoa masahihisho ya dharura. Ofisi ambazo kompyuta zake hazijawahi kusasishwa tangu zinunuliwe, na tunazijua, zina sababu ya kupunguza milango ya aina hiyo.

Printa zinazokataa

Sitaki msomaji akimbilie dukani Jumatatu kwa maneno yangu kisha aje anitukane. Si kila printa hukubali kisanduku. Printa nyingi za bei nafuu zimepunguziwa akili makusudi ili bei ishuke: kazi ya kuutengeneza ukurasa hufanywa na kompyuta, printa ikabaki ya kupaka wino tu. HP LaserJet 1020, ambayo utaikuta katika stesheneri na ofisi nyingi, ni mfano mzuri. Kila inapowashwa husubiri kompyuta iipakie programu yake ya ndani ndipo iamke, na kisanduku cha kawaida hakijui kufanya hivyo. Canon zinazotumia utaratibu wa CAPT nazo husumbua vivyo hivyo. Printa zinazoelewa lugha za uchapaji za PCL au PostScript ndizo zinazokubaliana vizuri na visanduku.

Mwenye 1020 hajafungiwa njia zote. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoingia sokoni mwaka 2012, au hata kompyuta ya mezani iliyostaafishwa, ikiwekewa Linux na programu ya CUPS, inaweza kuipakia printa ile programu yake kila inapowashwa na kuigawa kwa ofisi nzima, simu zikiwemo. Inahitaji kijana anayeijua Linux, na vijana hao tunao, wanamaliza vyuo na kukaa nyumbani.

Tena kwa mashine ya tatu kwa moja, ile yenye skana na fotokopi, kisanduku cha kawaida kitakupa uchapaji tu. Skana itabaki imekatika, na kiwango cha wino huenda kisionekane tena kwenye kompyuta. Muuzaji anayekuhakikishia kwamba "kila kitu kitafanya kazi" mwambie akufungie mbele yako kabla hujatoa hela.

Na kama printa yenu imechoka kweli, msinunue kisanduku cha kuitukuza maiti. Nunueni printa yenye tundu la mtandao tangu kiwandani, moja, kubwa kiasi. Hesabu iko kwenye katriji. Katriji ya HP 12A, ile ya 1020, watengenezaji huikadiria kurasa 2,000. Katriji ya 55X ya printa za ofisi za aina ya P3015 hukadiriwa kurasa 12,500. Ofisi yenye printa ndogo tano inanunua katriji ndogo tano, mara nyingi za aina tofauti ambazo haziingiliani, na moja ikiisha wino nyingine haziwezi kuisaidia. Kisha tunashangaa bajeti ya shajala inayeyukia wapi.

Hofu ya wakuu

Nikizungumza na wakuu wa ofisi kuhusu haya, hofu ya kwanza haiwi ya teknolojia. Ni ya karatasi. "Nikiwapa wote, rimu zitaisha wiki moja. Watachapa kadi za harusi." Hofu hiyo ina msingi, nisiipuuze. Lakini tujiulize: ulinzi wa sasa unalinda nini hasa? Kadi za harusi zinachapwa hata leo, na rafiki wa mwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba leo hakuna anayeandika popote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kuandika jina, kazi na idadi ya kurasa, likining'inizwa juu ya printa iliyo mahali pa wazi, hulinda rimu kuliko nywila ya mtu mmoja. CUPS yenyewe huweka kumbukumbu ya nani alituma nini na lini. Na watu wanaoonana huoneana haya.

Hofu ya pili ni nzito zaidi: siri. Mtihani ukitumwa kutoka ofisi ya taaluma ukatokea kwenye printa ya chumba kingine, nani ataufikia kwanza? Hapa nakubali bila ubishi kwamba mitihani na mafaili ya wagonjwa yasitumwe kwenye printa ya ukumbini. Yachapwe katika chumba kinachofungwa, au mtumaji asimame penye printa huku mwenzake akibonyeza. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Huko katika chuo cha MIT, Marekani, karibu mwaka 1980, Richard Stallman na wenzake walisumbuliwa na printa ya Xerox iliyokuwa mbali na meza zao: ilikwama karatasi, nao wakakaa wakisubiri kazi ambazo hazikuwa zikitoka. Alipotaka kuirekebisha programu yake iwape taarifa, akanyimwa, na hasira ile ilichangia kuanzisha harakati za programu huria ambazo leo zinatupa Linux na CUPS tunayoifaidi. Hata hivyo, nani anasimama mahali printa ilipo bado ni swali la utaratibu wa ofisi, na hakuna kisanduku kitakachowajibia.

Hofu ya tatu, ambayo wachache huitaja ingawa ndiyo wangeanza nayo, ni wageni wa nje. Mwishoni mwa 2018 mtu mmoja aliziamuru printa zipatazo 50,000 duniani zichape tangazo la kumnadi mtengeneza video wa YouTube, PewDiePie. Hakuvunja kufuli lolote. Bandari 9100 za printa hizo zilikuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti. Fundi wako asifungue bandari hiyo kwenye rauta kuelekea nje, hata akikuambia ni kwa ajili ya "kuchapa ukiwa nyumbani". Na nywila ya kisanduku iliyotoka kiwandani ibadilishwe siku ileile, pamoja na ya waifai, ambayo katika ofisi zetu nyingi inajulikana hadi na wauza maandazi wa getini.

Kabla ya kusaini

Kinachonisikitisha ni kwamba fedha ipo. Kila mwaka halmashauri, shule na miradi ya wafadhili hununua printa mpya ndogo, kila mfadhili na aina yake, kila moja ikapewa meza yake na bwana wake. Ingia stoo ya ofisi yoyote ya umma utazikuta zimepangana, vumbi juu, nyingi si mbovu: katriji yake haipatikani tena mjini, au kompyuta yake iliungua, au aliyekabidhiwa alihamishwa. Hakuna aliyewahi kuhesabu hasara hiyo kama hasara, kwa sababu kwenye vitabu kila kifaa kinaonekana kipo.

Basi wewe mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mwenyekiti wa ushirika, na wewe mjumbe wa kamati ya shule unayepitisha matumizi kwa niaba ya wazazi wenzako: safari ijayo utakapoletewa ombi la printa nyingine, usisaini kwanza. Uliza zilizopo ni ngapi, ngapi kati yake zinaelewa PCL au PostScript, na kisanduku kimoja na mita kadhaa za waya vitagharimu kiasi gani. Mwite fundi afunge akiwa mbele yako, aandike anwani kwenye karatasi, na achape ukurasa kutoka kompyuta tatu tofauti huku ya katibu muhtasi ikiwa imezimwa. Ukurasa wa tatu ukitoka, mlipe.